Moto wa King's Cross, 1987: stesheni ya makutano isiyokuwa na mwenyewe

Jumatano ya tarehe 18 Novemba 1987, ilipokaribia saa 1:30 usiku, abiria waliokuwa wakipanda kutoka treni za njia ya Piccadilly katika stesheni ya King's Cross St Pancras, London, waliona moto ukiwaka chini ya ngazi za umeme. Ulikuwa mdogo. Robo saa baadaye ukumbi wa tiketi ulio juu ya ngazi hizo ulijaa miali na moshi mweusi kwa ghafla, na waliokuwa wamesimama humo hawakupata hata nafasi ya kugeuka. Watu 31 walipoteza maisha, na wengine wengi wakaumia.

Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kama kisa cha sigara: mtu alitupa njiti ya kiberiti, mbao zikashika, watu wakafa. Yote hayo ni kweli, lakini maelezo hayo yananipa shida, kwa sababu njiti kama hiyo ilikuwa imeanguka mahali pale mara nyingi na watu wakaendelea kurudi nyumbani salama. Ninachotaka kukionyesha ni jinsi stesheni ya kubadilishia treni inavyojengwa vipande vipande, kila kipande na kampuni yake, idara yake na zama zake, hadi siku inapotokea hatari inayovuka vipande vyote na hakuna mtu ambaye kazi yake ni kuiona stesheni nzima. King's Cross ilikuwa hivyo chini ya ardhi. Mtaa ulioizunguka nao ulikuwa hivyo juu ya ardhi.

Mahali penyewe

Eneo hilo zamani liliitwa Battle Bridge. Mwaka 1830 palisimamishwa kwenye njia panda mnara wenye sanamu ya Mfalme George wa Nne. Ulibomolewa 1845, lakini jina la King's Cross likabaki. Mfereji wa Regent's Canal ulishapita kaskazini tangu 1820, na reli zilipokuja zilikuta mahali ambapo mizigo ilishazoea kupitia. Stesheni kuu ya King's Cross ilifunguliwa 1852. Mwaka 1868 kampuni nyingine, mshindani wa ile ya kwanza, ilifungua St Pancras ng'ambo ya barabara. Ni stesheni mbili kubwa za treni za masafa marefu, zimetenganishwa na mtaa mmoja tu, na hakuna aliyezipanga pamoja.

Chini yake mambo yalikwenda vivyo hivyo. Tarehe 10 Januari 1863 reli ya Metropolitan, ya kwanza duniani kupita chini ya ardhi mjini, ilianza kubeba abiria kati ya Paddington na Farringdon, na King's Cross ilikuwa mojawapo ya stesheni zake. Ilichimbwa karibu na uso wa barabara. Njia ya Piccadilly ilifika 1906, ikiwa na kina kirefu zaidi. Mwaka uliofuata ikaja ile ambayo sasa ni sehemu ya njia ya Northern, nayo ikapita chini zaidi. Njia ya Victoria iliongezwa 1968. Kila iliyokuja ilitoboa handaki lake, ikachimba vijia vyake vya kuungana na zilizotangulia, na kumwaga abiria wake kwenye nafasi iliyokuwepo.

Kufikia 1987 ramani ya mle ndani ilikuwa fumbo. Njia tano zilikutana humo. Abiria wa Piccadilly walipanda kwa ngazi tatu za umeme, namba 4, 5 na 6, zilizowekwa mwaka 1939. Abiria wa Victoria walikuwa na ngazi zao pembeni. Wale wa Northern, walio chini kuliko wote, walilazimika kupanda hadi usawa wa wenzao na kuendelea na ngazi hizo hizo. Zote zikaishia kwenye ukumbi mmoja wa tiketi, chini kidogo tu ya uwanja wa mbele wa stesheni kuu, na kutoka ukumbini humo vijia na ngazi za kawaida zilielekea barabarani. Anayebadilisha treni, anayetoka kwenda Euston Road, anayekimbilia treni ya Leeds au Edinburgh, anayepanga foleni ya tiketi: wote walikutana ukumbini humo. Ukiwa na haraka, hiyo ni raha. Ila ukumbi huo ulikuwa ndio mdomo pekee wa ngazi zile, na jambo hili ndilo linalohitaji kukumbukwa katika yote yatakayofuata.

Juu ya ardhi mtaa ulikuwa umechoka. Yadi za mizigo nyuma ya stesheni, zilizokuwa zikipokea makaa ya mawe na nafaka kwa zaidi ya karne, zilikuwa zimepoteza kazi yake mizigo ilipohamia kwenye malori. Maghala yalisimama matupu, matangi makubwa ya gesi yakibaki na mifupa yake ya chuma. Kuizunguka stesheni kulikuwa na hoteli za bei nafuu, biashara ya ngono, dawa za kulevya. Kulikuwa pia na familia zilizoishi kwenye nyumba za halmashauri, mafundi wadogo, na wasanii waliofuata kodi ya chini, ingawa magazeti yaliwasahau. Watu wengi mno walipita King's Cross kila siku, na wachache sana walipahesabu kuwa pao. Anayepita haandiki barua ya kulalamika kuhusu vumbi chini ya ngazi. Ana treni ya kuwahi. Naamini jambo hili lina uzito kuliko linavyopewa.

Robo saa

Ngazi namba 4 ilikuwa ikipandisha watu. Vikanyagio vyake na kuta zake za pembeni vilikuwa vya mbao. Abiria wa kwanza waliouona moto walitoa taarifa. Mtumishi mmoja wa dirisha la tiketi aliambiwa, na abiria mwingine akabonyeza kitufe cha dharura cha kusimamisha ngazi. Wafanyakazi wa stesheni na askari wa polisi wa reli walikwenda kuangalia. Askari alitaka kuwaita zimamoto kwa redio yake, lakini redio haikufanya kazi chini ya ardhi. Ikabidi apande hadi barabarani ndipo ujumbe uende.

Dakika hizo za kupanda ngazi ili upate mawimbi si jambo dogo, na nitalirudia mwishoni kwa sababu halikuisha mwaka huo.

Chini ya ngazi kulikuwa na mfumo wa kunyunyiza ukungu wa maji, uliowekwa kwa ajili ya moto wa aina hiyo hiyo. Haukufunguliwa. Wafanyakazi waliokuwa zamu hawakuwa wamefundishwa kuutumia. Siwalaumu, na nafikiri anayesoma taarifa zote kwa makini hatawalaumu. Hakukuwa na mtu aliyewahi kufa kwa moto wa ngazi za umeme katika reli hiyo, kwa hiyo moto wa ngazi ulichukuliwa kama kero ya kazini, jambo linalotokea na kuzimika.

Zimamoto walipokea wito saa 1:36. Magari manne na gari lenye ngazi ndefu yakatumwa. Saa 1:39 polisi waliamua kuwatoa watu stesheni. Kwa kuwa ngazi za Piccadilly ndizo zilizokuwa zikiungua, waliwaelekeza abiria wapande kwa ngazi za Victoria. Kwa waliyoyaona wakati huo, uamuzi ulikuwa wa busara: moto uko kwenye ngazi hii, pitia ile. Lakini ngazi zote mbili zilitokea ukumbi ule ule. Hapakuwa na mlango mwingine waliokuwa wakiujua wa kuwapitishia umati. Na wakati huo huo baadhi ya treni zilikuwa bado zinasimama chini na kushusha abiria wapya, ambao nao walifuata mkondo wa kupanda juu.

Saa 1:42 hivi kikosi cha kwanza cha zimamoto, kutoka kituo cha Soho, kilifika. Maofisa waliteremka kuutazama moto. Waliouona walieleza kuwa ulikuwa na ukubwa wa boksi kubwa la kadibodi. Wakapanga kuushambulia kwa mpira wa maji, watu wakiwa na mitungi ya kupumulia. Huo ulikuwa mpango wa kawaida kwa moto wa ukubwa huo.

Saa 1:45 ukumbi ulishika. Ndimi za moto zilitoka kwenye shimo la ngazi kama zimepulizwa, zikagonga dari, zikafuatwa na moshi mzito mweusi. Colin Townsley, ofisa wa zamu wa Soho, alikuwa ukumbini bila kifaa cha kupumulia. Mwili wake ulikutwa karibu na ngazi za kutokea Pancras Road, pembeni ya abiria aliyekuwa ameungua vibaya. Ndiye mwanazimamoto pekee aliyefariki usiku ule, na baadaye alitunukiwa Nishani ya George.

Mamia ya watu walibaki chini, njia yao ya juu ikiwa imezibwa. Waliokolewa na kitu kilekile kilichoifanya stesheni iwe makutano: treni za Victoria zilisimama na kuwachukua. Upande mwingine, askari mmoja aliyekuwa akimsaidia majeruhi alijaribu kutokea kwenye majukwaa ya Midland City, yaliyounganishwa na stesheni kwa kijia cha chini, akakuta mageti ya chuma yamefungwa kwa kufuli. Yalifunguliwa na mtu wa usafi aliyekuwa akipita. Sijui mfano mwingine unaoeleza stesheni hii kwa ufupi kama huo: njia ya kutokea ipo, iko mbali na moto, inaelekea hewani, na ufunguo wake uko kwa mtu wa idara nyingine ambaye kwa bahati amepita.

Zaidi ya wanazimamoto 150 na magari 30 walipigana na moto ule. Ulidhibitiwa saa 3:48 usiku na kutangazwa umezimika saa 7:46. Wafu walitambuliwa mmoja baada ya mwingine, isipokuwa mwanamume mmoja aliyebaki na namba ya mochari, 115, kwa zaidi ya miaka 16. Jina lake lilipatikana Januari 2004. Katika mahali ambapo wengi hupita bila kujulikana, hata kifo kiliweza kumkuta mtu na kumwacha bila jina muda wote huo.

Kwa nini moto wa boksi uligeuka kuwa ule

Serikali iliitisha uchunguzi wa hadhara chini ya wakili Desmond Fennell. Vikao vilianza Februari 1988 na kusikiliza ushahidi kwa siku 91, na ripoti ikatoka Novemba mwaka huo ikiwa na mapendekezo 157.

Mwanzoni kulikuwa na wasiwasi wa mtu kuchoma kwa makusudi. Wachunguzi walipofungua ngazi walikuta jambo jingine. Kwenye ubao wa pembeni mwa vikanyagio kulikuwa na sehemu nane zilizoungua zamani, na chini yake, kwenye reli ambamo magurudumu ya ngazi hupita, kulikuwa na njiti za kiberiti. Moto ulikuwa umeshaanza pale mara kadhaa na kujifia wenyewe. Alama zote za kuungua zilikuwa upande wa kulia. London, asiyetembea kwenye ngazi za umeme husimama kulia ili wenye haraka wapite kushoto. Anayesimama ndiye mwenye mikono mitupu na dakika moja ya kungoja, na wengi walikuwa wakiwasha sigara wakipanda ili wafike nje wakiwa tayari wanavuta. Kuvuta sigara kulikuwa kumeshapigwa marufuku kwenye treni mwaka 1984, na kwenye stesheni za chini ya ardhi Februari 1985, baada ya moto wa Oxford Circus wa Novemba 1984. Kwenye ngazi za kutokea, katazo hilo halikuheshimiwa.

Reli ile ya magurudumu ilikuwa imejaa grisi iliyoganda. Grisi peke yake haishiki moto kirahisi. Hii ilikuwa imechanganyika na karatasi, maganda ya peremende, nyuzi za nguo, nywele za watu na manyoya ya panya, vitu vilivyodondoka kwa miaka kutoka kwa abiria waliokuwa wakipita juu. Nyuzi hizo zikawa utambi. Wachunguzi walipodondosha njiti zinazowaka kwenye sehemu ya ngazi iliyosalia, mchanganyiko huo ulishika na kuenea.

Mpaka hapo tuna moto unaoeleweka. Kilichowasumbua wataalamu ni ule mlipuko wa ukumbini. Mbao zile zisingetoa, kwa hesabu za kawaida, moto wa namna ile kwa dakika zile. Wengine waliilaumu rangi ya dari, iliyopakwa tabaka juu ya tabaka kama ishirini. Wengine walifikiria upepo unaosukumwa na treni zinapoingia stesheni. Upepo huo ulikuwepo, lakini athari yake ilionekana kuwa ndogo.

Jibu lilitoka kwenye kompyuta. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Harwell waliiga moto huo kwa hesabu, na picha iliyotoka ilionekana kama makosa: miali haikusimama wima kuelekea dari, ilijilaza ndani ya mtaro wa ngazi, ikipanda kwa kubana vikanyagio. Wengi hawakuamini. Ndipo kikajengwa kielelezo cha ngazi, theluthi moja ya ukubwa halisi, huko Buxton, kikachomwa. Kwa dakika saba na nusu kiliungua kwa utulivu. Kisha miali ikajilaza, kama kompyuta ilivyosema. Ngazi ina mwinamo wa nyuzi 30, na pande zake mbili zimeinuka. Hewa ya moto ikabanwa humo, ikatangulia mbele ya miali na kuzipasha moto mbao za juu kabla miali haijazifikia. Zilipofika kiwango cha kushika, zilishika zote karibu kwa pamoja, na ndimi ndefu za moto zikamwagika kwenye ukumbi wa kielelezo na kuendelea kumwagika. Tabia hii haikuwa ikijulikana kabla ya hapo. Leo wahandisi wa usalama wa moto duniani kote huifundisha.

Kwa hiyo ofisa aliyeutazama moto saa 1:42 na kuuona wa ukubwa wa boksi hakukosea kupima kwa macho. Sehemu iliyoonekana ilikuwa ndogo kweli, huku mbao zilizo juu yake zikiwa tayari zinaiva.

Jukumu lilikuwa la nani

Hapa ndipo ripoti ya Fennell ilipokuwa na makali. Aligundua kwamba hakukuwa na mtu mmoja aliyekabidhiwa jukumu la usalama wa abiria kwa jumla. Idara ya uendeshaji iliendesha stesheni lakini haikuwajibika kwa ngazi za umeme. Idara ya uhandisi ilikuwa na ngazi, lakini kilichotokea stesheni hakikuwa chake. Usalama wa wafanyakazi ulikuwa na utaratibu. Wa abiria ulidhaniwa kuwa umo ndani ya kazi za kila mmoja. Ripoti za moto mdogo wa miaka ya nyuma ziliandikwa, zikapelekwa, zikaishia kwenye idara iliyozipokea bila kuvuka kwenda kwa jirani. Uongozi wa juu ulishaamini kwamba moto katika reli kongwe ya namna hiyo hauepukiki, na aliyeamini hivyo hana sababu ya kuutafuta.

Linganisha na ramani ya stesheni. Vijia, ngazi na majukwaa yaliungana, kwa hiyo abiria aliweza kutoka Northern kwenda Victoria bila kujua amevuka mpaka wowote. Maelekezo na wajibu havikuungana. Uongozi ulibaki umegawanyika zama kwa zama, na ndani ya mgawanyiko huo reli ya grisi chini ya ngazi namba 4 ilikuwa mali ya watu wengi na kazi ya karibu hakuna.

Wakuu wawili walijiuzulu: Keith Bright, mwenyekiti wa shirika la usafiri la London, na Tony Ridley, aliyeiongoza reli ya chini ya ardhi. Siku tano tu baada ya moto, katazo la sigara lilipanuliwa hadi stesheni zote na ngazi zote za umeme. Mwaka 1989 zikaja kanuni za tahadhari ya moto kwa stesheni za reli za chini ya ardhi, zikitaka mafunzo kwa wafanyakazi, kima cha chini cha watu zamu, vifaa vya kugundua moto na njia za kutokea zinazopitika. Mbao ziliondolewa kwenye ngazi moja baada ya nyingine. Ya mwisho ilikuwa ya stesheni ya Greenford, iliyoendelea kwa kuwa yenyewe iko juu ya ardhi, na ilistaafishwa 2014.

Katazo la sigara lilikuwa hatua ya haraka na yenye manufaa. Ila kama London ingelazimika kuchagua jambo moja tu kati ya yote hayo, ningechagua mafunzo na watu wa kutosha zamu. Cheche itapatikana, kama si kwenye sigara basi kwenye nyaya au breki. Anayejua kufungua mfumo wa maji na kujua geti gani lina kufuli atasaidia dhidi ya cheche ya aina yoyote.

Ukumbi wa pili, na mtaa mpya

Udhaifu wa ukumbi mmoja ulichukua muda mrefu kurekebishwa. Sheria ya kuruhusu upanuzi ilipitishwa 1993. Ukumbi mpya wa magharibi ulifunguliwa 2006, ule wa kaskazini Novemba 2009, miaka 22 baada ya moto. Kazi hiyo haikusukumwa na kumbukumbu ya moto peke yake. Iliambatana na ujenzi wa reli ya kasi ya kwenda Ufaransa na Ubelgiji, ambayo baada ya miaka ya mabishano ilipelekwa St Pancras, na treni za Eurostar zikahamia hapo Novemba 2007. Kwa maneno mengine, wasafiri wapya wa kimataifa walileta fedha na haraka ambayo abiria wa kila siku hawakuwa wameipata.

Ukumbi wa kaskazini umebadilisha jinsi watu wanavyosambaa. Una ngazi zake za kushuka kwenye njia za chini, kwa hiyo ukumbi wa zamani haubebi tena mzigo wote, na ajali ikiziba upande mmoja upo upande mwingine. Gharama yake ni mwendo: kubadilisha treni hapo sasa kunaweza kumaanisha kutembea vijia virefu vyeupe ambavyo wenyeji huvilalamikia, na wengine wameshajifunza kupuuza mishale na kufuata njia ya zamani iliyo fupi. Nawaelewa. Lakini urefu huo ndio umbali kati ya milango miwili ya kutokea, na ni bora kuliko mdomo mmoja.

Mtaa nao ulijengwa upya. Mpango wa kwanza mkubwa wa ardhi ya reli, wa mwishoni mwa miaka ya 1980, ulipingwa vikali na wakazi walioungana kwenye kundi la Railway Lands Group, kisha ukaanguka wenyewe uchumi ulipoyumba. Mpango uliofuata ulipata kibali cha Halmashauri ya Camden mwaka 2006, kwa eneo la takriban hekta 27. Chuo cha sanaa cha Central Saint Martins kilihamia kwenye ghala la nafaka mwaka 2011. Mwaka uliofuata ukumbi mpya wa abiria wa stesheni kuu ulifunguliwa, na uwanja wa Granary Square ukawa wa watu kukaa. Google wakaja. Yale maghala ya makaa, Coal Drops Yard, yakawa maduka mwaka 2018, na ndani ya mifupa ya matangi ya gesi zikajengwa nyumba za kuishi.

Nina maoni mawili kuhusu mtaa huu mpya, na hayapatani. La kwanza, mahali pa kukaa panalinda. Mtaa wenye watu wanaoishi, kusoma na kula pale una macho na una wa kulalamika, na stesheni iliyo chini ya mtaa wa namna hiyo haiwezi kuachwa ijae grisi kwa miaka bila mtu kuuliza. La pili, waliolipia mabadiliko haya ni pamoja na wale waliokuwepo wakati hakuna aliyejali: mafundi, wasanii na wapangaji wa kodi ya chini hawakuweza kubaki kwenye eneo la Google. Nyumba za bei nafuu zilijengwa, na kibali kilizidai, lakini biashara ndogo za nyuma ya stesheni hazikurudi. Mpango wa mtaa ulifanya kosa linalofanana na la stesheni ya zamani: ulimpangia anayekuja zaidi ya aliyepo.

Redio

Nilisema nitalirudia. Kati ya mambo yaliyobainishwa na Fennell ni kwamba vikosi vya dharura havikuweza kuwasiliana kwa redio chini ya ardhi.

Asubuhi ya tarehe 7 Julai 2005, bomu lililipuka ndani ya treni ya njia ya Piccadilly iliyokuwa imetoka King's Cross kuelekea Russell Square. Abiria 26 waliuawa kwenye handaki hilo. Waokoaji walioteremka hawakuwa na redio zinazowafikia wenzao juu, wakalazimika kutuma watu kwa miguu kupeleka ujumbe. Kamati ya Bunge la Jiji la London iliyochunguza matukio ya siku hiyo ilitoa ripoti yake 2006, ikataja kwamba kasoro hiyo ilishaonyeshwa na uchunguzi wa moto wa King's Cross miaka 18 kabla, na haikuwa imetatuliwa.

Sababu yake nayo ilikuwa ya vipande. Polisi wa reli walikuwa na mfumo wao uliofanya kazi chini. Zimamoto, wahudumu wa magari ya wagonjwa na polisi wa jiji walikuwa na mifumo mingine, kila kimoja na bajeti yake na ratiba yake ya kununua vifaa vipya. Hakuna chombo kilichokuwa kimekataa kurekebisha. Kila kimoja kilikuwa kikisubiri mfumo wa pamoja ufike, na mwaka 2005 ulikuwa bado haujashuka kwenye mahandaki.